Kinda Benchi: Kwa Faida ya Nani?

Leo nakuletea ubishi ambao kila mpenda michezo amewahi kuuingia, awe wa soka, wa kikapu au wa wavu. Kijana mwenye kipaji anasajiliwa kwa shangwe, magazeti yanamwimba, jezi yake inanunuliwa. Msimu unaanza, kocha anamweka benchi. Hapo mashabiki wanagawanyika. Hawa wanasema: mwacheni akae, atakomaa. Wale wanasema: mnamuua kijana wa watu.

Nimeamua kuufuata ubishi huu hadi kwenye hoki ya barafuni, huko Marekani na Kanada, kwa sababu kule unapiganwa kwa ukali wa pekee na kumbukumbu zake zimewekwa vizuri. Mchezo wenyewe si mgeni kabisa kwetu. Nairobi, katika hoteli ya Panari, kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Wachezaji wa Ice Lions, timu ya Kenya, wamejifunzia hapo, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Kwa ambaye hajauona: ni wachezaji sita kila upande, mmoja wao golikipa, wamevaa viatu vya kutelezea, wanagombea kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mechi ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20.

Kuna jambo moja lazima tulielewe mapema. Katika soka, aliye benchi anaweza kumaliza mechi bila kuingia, na hakuna anayeshangaa. Katika hoki timu huvalisha jezi watu 20, wawili wakiwa magolikipa, na wale 18 wengine hupokezana uwanjani mchezo mzima. Mtu anaingia, anajitupa kwa nguvu zake zote kwa muda wa sekunde 45 hivi, anatoka, anavuta pumzi, anarudi tena. Kila aliyevaa jezi anatarajiwa kucheza. Mshambuliaji tegemeo hupata dakika 18 hadi 20 kwa mechi. Wa safu ya nne, iliyo ya mwisho, hupata nane au kumi. Kwa hiyo kumweka kijana benchi kuna ngazi zake. Kocha anaweza kuziruka zamu zake katika kipindi cha tatu, wenzake wakiingia na kutoka huku yeye amekaa pale pale, uwanja mzima ukimtazama. Au anaweza kumnyima jezi kabisa, kijana akavaa suti na kuitazama mechi akiwa juu jukwaani. Hakuna pa kujificha. Shabiki anajua, familia yake inajua, wapinzani wanajua.

Sasa twende Philadelphia.

Klabu ya Flyers ilimchagua Matvei Michkov, mzaliwa wa Perm nchini Urusi, akiwa wa saba katika drafti ya mwaka 2023, ule utaratibu wa vilabu vya ligi kuu ya NHL kupeana zamu ya kuchagua chipukizi. Kwa kipaji peke yake wengi walimweka juu zaidi ya nafasi ya saba, lakini alikuwa amefungwa na mkataba wa klabu ya SKA ya St. Petersburg hadi mwaka 2026. Mashabiki wa Philadelphia wakajiandaa kusubiri miaka mitatu. Mwaka 2024 SKA ikamwachia mapema, naye akatua Philadelphia akiwa na umri wa miaka 19. Furaha ya mji ule ilikuwa kubwa, kwa sababu klabu yao haijatwaa Kombe la Stanley, taji la NHL, tangu mwaka 1975.

Novemba 2024, msimu ukiwa na mwezi mmoja tu, kocha John Tortorella akamwacha nje ya kikosi mechi mbili mfululizo. Moja kati ya hizo ilikuwa nyumbani, dhidi ya San Jose ya Macklin Celebrini, kijana aliyekuwa chaguo la kwanza la drafti ya mwaka huo. Waliokuwa wakiisubiri siku ya kuwaona makinda hao wawili uso kwa uso walimwona mmoja tu.

Ubishi ukawaka. Waliomtetea kocha walisema Michkov anapoteza kisahani ovyo, harudi nyuma kukaba, anacheza kana kwamba bado yuko Urusi ambako viwanja vingi ni vipana zaidi. Akitazama kutoka juu, walisema, ataona nafasi asizoziona akiwa chini. Samaki mkunje angali mbichi. Waliompinga kocha waliuliza swali fupi: mtu anajifunzaje kucheza bila kucheza?

Msimu ulipokwisha, Michkov alikuwa na mabao 26 na pasi za mabao 37. Katika hoki bao ni pointi moja na pasi ya bao ni pointi moja, kwa hiyo alikuwa na pointi 63. Kwa mabao aliongoza wachezaji wote waliokuwa katika msimu wao wa kwanza. Alicheza mechi 80 kati ya 82. Na Tortorella? Alifukuzwa kazi Machi 2025, kabla msimu haujamalizika.

Msikilizaji, unaona jinsi hesabu hizo zilivyo tamu kwa pande zote mbili? Upande wa kocha unasema: mnaona, alikaa nje mechi mbili, akarudi akawaka. Upande wa pili unasema: mnaona, kipaji kilikuwepo tangu mwanzo, na kocha aliyemweka nje hakufika mwisho wa msimu. Hesabu ni ile ile, hukumu ni mbili. Ndiyo maana ubishi huu hauishi, na ndiyo maana inabidi tuuingie kwa utulivu.

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaoliamini benchi. Hawasemi upuuzi. Tortorella mwenyewe ana historia. Alipokuwa Tampa Bay alimkuta Vincent Lecavalier, chaguo la kwanza la drafti ya mwaka 1998, kijana aliyepewa unahodha akiwa na umri wa miaka 19, nahodha mdogo kuliko wote waliowahi kutokea katika ligi hadi wakati huo. Mwaka 2001 klabu ilimvua unahodha huo. Yeye na kocha waligongana mara nyingi. Lakini mwaka 2004 wote wawili walilinyanyua Kombe la Stanley, na katika msimu wa 2006-07 Lecavalier alifunga mabao 52, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi. Mtu aliyeyaona hayo akiamini kwamba mkono mgumu hujenga, ana sababu.

Tena Tortorella hakuwa mkali kwa vijana peke yao. Pale pale Philadelphia, mwaka 2024, alimweka nje mechi mbili Sean Couturier, mchezaji mkongwe aliyekuwa ametangazwa nahodha mwezi mmoja tu kabla. Hili ni jambo zito na nitalirudia baadaye. Kijana anayejua kwamba hata nahodha anaweza kuvuliwa jezi hawezi kusema ameonewa kwa sababu ya umri wake.

Mfano mwingine wanaoupenda ni wa Joe Thornton. Boston ilimchagua wa kwanza mwaka 1997. Kocha Pat Burns hakumharakisha hata kidogo. Katika msimu wake wa kwanza Thornton alicheza mechi 55, dakika chache kila mechi, akafunga mabao matatu na kutoa pasi nne za mabao. Pointi saba, kutoka kwa chaguo la kwanza! Siku hizi mji mzima ungezizima. Lakini Thornton huyo huyo alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2006, akastaafu akiwa na pointi 1,539, na mwaka 2025 akaingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Burns alimsubirisha, na kijana hakuharibika.

Sasa tusikilize upande wa pili, nao una majina yake, na baadhi yanauma.

Nail Yakupov, chaguo la kwanza la mwaka 2012, alianza vizuri Edmonton: mabao 17 katika mechi 48 za msimu wake wa kwanza. Kocha mpya akaja, na mwanzoni mwa msimu uliofuata Yakupov akajikuta jukwaani. Hakurudi tena kuwa yule wa mwanzo. Alihama, akahama tena, na baada ya mechi 350 ligi ya NHL ikamalizana naye kabla hajafikisha umri wa miaka 25.

Kaapo Kakko, Mfini aliyechaguliwa wa pili mwaka 2019 na New York Rangers, alivuliwa jezi mwaka 2022 katika mechi ambayo timu yake iliaga mashindano ya kuwania Kombe la Stanley. Desemba 2024 akavuliwa tena. Safari hiyo alisema wazi mbele ya waandishi kwamba ni rahisi kumchomoa kijana mambo yanapoharibika. Siku chache baadaye akauzwa Seattle. Akiwa New York msimu ule alikuwa na pointi 14 katika mechi 30. Seattle alipata pointi 30 katika mechi 49.

Ukiyapanga majina haya kwenye mistari miwili, utadhani unaweza kuhesabu na kutangaza mshindi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Thornton alifanikiwa, lakini nani anajua angekuwa nani kama angepewa dakika 15 tangu siku ya kwanza? Pengine angewaka mapema zaidi. Yakupov aliporomoka, lakini nani anaweza kuapa kwamba ni benchi lililomporomosha? Pengine mapungufu yake yangejitokeza tu. Kila mchezaji anapita njia moja maishani mwake. Ile nyingine hakuna anayeiona. Kisha kuna umri: kijana wa miaka 18 anaongezeka mwili, akili na utulivu kila mwezi unaopita. Ukimweka benchi Novemba akang'ara Machi, huenda kilichofanya kazi ni miezi minne ya kukua, na benchi likajichukulia sifa za bure.

Kwa hiyo nimetafuta mifano inayokaribia kuwa mizani: mtu yule yule, msimu ule ule, kitu kimoja kikubwa kikiwa kimebadilika. Ninayo miwili ya kukupa.

Wa kwanza ni Michkov mwenyewe, kabla hajafika Marekani. Msimu wa 2022-23 alianza na SKA, klabu tajiri iliyojaa majina makubwa. Alicheza mechi tatu, hakupata pointi hata moja. Nafasi hakuna. Desemba akapelekwa kwa mkopo Sochi, timu dhaifu ya ligi hiyo hiyo. Huko alipewa dakika, akapewa majukumu, akapata pointi 20 katika mechi 27 akiwa na umri wa miaka 18, tena akicheza na wanaume watu wazima. Msimu uliofuata akarudi Sochi, akapata pointi 41 katika mechi 47. Kijana alikuwa yule yule, na ligi ilikuwa ile ile. Dakika ndizo zilizobadilika.

Mfano wa pili unatupeleka Montreal, na hapa naomba tutulie kidogo, maana hakuna mji unaoujua ubishi huu kama Montreal. Ni mji ambao klabu yake, Canadiens, imetwaa Kombe la Stanley mara 24, zaidi ya klabu nyingine yoyote, na ambako kila zamu ya kijana wa klabu hujadiliwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza hadi usiku wa manane.

Mwaka 2021 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Stanley bila kutarajiwa. Kocha Dominique Ducharme alianza mashindano yale kwa kuwaacha nje vijana wake, akiwemo Cole Caufield, mfungaji mdogo wa umbo, na Jesperi Kotkaniemi, Mfini aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2018. Baadaye wote wawili walirudi na kusaidia. Kotkaniemi alifunga mabao matano katika safari hiyo. Lakini fainali dhidi ya Tampa Bay ilipokuwa mbaya, akavuliwa jezi kwa mechi mbili za mwisho. Agosti mwaka ule ule, klabu ya Carolina ilimwekea mezani mkataba wa dola milioni 6.1 kwa mwaka mmoja. Montreal ikakataa kulingana na dau hilo. Kijana waliyemlea tangu akiwa na umri wa miaka 18 akaondoka.

Caufield alibaki. Msimu wa 2021-22 ukawa mateso. Katika mechi 30 za kwanza alifunga bao moja. Moja, msikilizaji, kutoka kwa kijana ambaye kazi yake hapa duniani ni kufunga. Alipelekwa kwa muda timu ya akiba ya Laval, akarudi, mambo yakawa yale yale. Februari 2022 klabu ikamfukuza Ducharme na kumkabidhi timu Martin St. Louis. Katika mechi 37 zilizobaki Caufield alifunga mabao 22.

St. Louis ni nani? Ni mtu mfupi ambaye hakuchaguliwa na klabu yoyote katika drafti, aliyeachwa na Calgary mwaka 2000, kisha akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2004 na kustaafu akiwa na pointi 1,033. Tena aliitwaa ile tuzo, na Kombe la Stanley, chini ya nani? Chini ya Tortorella, pale Tampa. Kwa hiyo St. Louis si mtu asiyejua ukali wa makocha. Ameupitia. Alipokuwa kocha mwenyewe alichagua kuzungumza na kijana, kumpa safu ya kwanza, na kumwacha akosee akiwa uwanjani.

Je, mifano hii inamaliza ubishi? Haimalizi. Mizani yake ina mawe mengine ndani: Sochi ilikuwa timu dhaifu isiyokuwa na cha kupoteza, na Montreal ya mwaka 2022 ilishika mkia wa ligi nzima, kwa hiyo kocha hakuwa na presha ya matokeo. Lakini inatufunza jambo ambalo mabishano mengi huliruka: swali la kwanza si kama benchi ni zuri au baya. Swali la kwanza ni benchi lile liliwekwa kwa faida ya nani.

Naomba tuligawe jambo hili vizuri. Kocha anapomweka kinda nje, kuna sababu tatu, na ni tofauti kabisa.

Sababu ya kwanza ni ushindi wa leo. Ni fainali, timu iko nyuma, kocha anamwamini mzee wa miaka 35 kuliko kijana wa miaka 20. Hiyo ni haki yake. Analipwa ashinde. Kotkaniemi mwaka 2021 alikaa nje kwa sababu hiyo. Hakuna dhambi hapo, ilimradi tusidanganyane kwamba ni kwa ajili ya kumjenga kijana. Alitolewa sadaka ya matokeo, na hata matokeo yenyewe hayakupatikana: Tampa ilishinda fainali kwa mechi nne kwa moja.

Sababu ya pili ni nidhamu. Kijana kachelewa mazoezini, kagoma kurudi kukaba, kamjibu kocha vibaya. Hapa benchi ni adhabu, na adhabu ina mahali pake, kwa sharti moja: iwe sheria ya wote. Ndiyo maana nilisema suala la Couturier ni zito. Kocha anayewaadhibu vijana tu huku wakongwe wakikosea na kubaki uwanjani hafundishi nidhamu. Anafundisha woga. Na mchezaji mwoga akipata kisahani anakitupa mbali haraka ili kosa lisiwe lake. Kile kipaji kilichomfanya achaguliwe kinazimika mbele ya macho yetu.

Sababu ya tatu, iliyo adimu kuliko tunavyoambiwa, ni mafunzo ya kweli. Kijana anatolewa mechi moja, mbili, tatu. Anaelezwa kwa nini. Anaonyeshwa video ya makosa yake. Anafanyishwa kazi ya ziada. Anaambiwa siku ya kurudi, na akirudi anapewa nafasi halisi.

Hili la tatu linawezekana, na nitakupa mfano ili usidhani napinga benchi kwa kila hali. Shane Wright, aliyechaguliwa wa nne na Seattle mwaka 2022, aliwekwa nje mechi tatu Novemba 2024, karibu siku zile zile za Michkov. Alirudi na kumaliza msimu akiwa na mabao 19 na pointi 44. Mechi tatu, basi. Hakuachwa aoze.

Na mkumbuke Wright huyo huyo alikuwa ameshaonja benchi la aina nyingine. Katika msimu wa 2022-23 alikuwa akipewa dakika chache mno au kuachwa nje kabisa. Alicheza mechi nane tu za NHL kabla ya kurudishwa ligi ya vijana ya Kanada. Sababu mojawapo ni kanuni. Kwa utaratibu uliokuwepo, kijana aliyetoka ligi ya vijana ya Kanada na hajafikisha umri wa miaka 20 hakuruhusiwa kupelekwa kwa msimu mzima katika AHL, ligi ya chini ya NHL wanakolelewa wachezaji. Ilikuwa ama NHL ama arudi kwa watoto wenzake. Kwa wengi NHL ilikuwa ngumu mno na ligi ya vijana nyepesi mno, na katikati hapakuwa na daraja. Hapo lawama si ya kocha peke yake.

Lakini anayetoka Ulaya hana kikwazo hicho, na vilabu vinavyoitumia vizuri ligi ya chini vinajulikana. Detroit kwa miaka mingi iliwaacha vijana wake waive kabisa katika timu yake ya Grand Rapids. Gustav Nyquist na Tomas Tatar walitwaa huko ubingwa wa AHL mwaka 2013. Msimu uliofuata Nyquist alipanda na kufunga mabao 28 katika mechi 57 za NHL. Alifika juu akiwa amezoea kupewa kazi, kubebeshwa lawama na kushinda.

Kwa nini nasisitiza dakika kuliko viti? Angalia ratiba. Msimu wa NHL una mechi zaidi ya 80, na safari za ndege kati yake kila wiki. Siku za mazoezi kamili ni chache. Asiyecheza mechi, basi, hana pa kufanyia kazi makosa yake. Ataambiwa atazame kutoka juu, na kweli kutoka juu mchezo unaonekana wazi. Lakini akishaona, anahitaji uwanja, mpinzani na sekunde 45 za kujaribu alichokiona. Akinyimwa hivyo kwa wiki tatu, alichokiona kinabaki kuwa habari tu.

Kuna wanaouliza: je, lazima iwe benchi au ligi ya chini? Hapana. Montreal ina jibu jingine. Juraj Slafkovský, Mslovakia, chaguo la kwanza la mwaka 2022, alikuwa amefunga mabao saba na kutajwa mchezaji bora wa mashindano katika Olimpiki ya Beijing akiwa na umri wa miaka 17. Msimu wake wa kwanza Montreal ulimalizwa na jeraha la goti: mechi 39, pointi 10. Mji ukagawanyika: apelekwe Laval, abaki, akae nje? Walioomba Laval walikuwa na hoja nzuri. Klabu ikambakiza. Katika msimu wa pili alianza polepole, kisha St. Louis akampandisha safu ya kwanza pamoja na Nick Suzuki na Caufield. Akamaliza na mabao 20 na pointi 50, na Julai 2024 akasaini mkataba wa miaka minane. Alikosea sana njiani, na alikosea akiwa uwanjani.

Basi, msikilizaji, baada ya kupima yote haya, msimamo wangu ni huu. Benchi lenyewe halimwendelezi mtu. Kinachomwendeleza ni maelezo kabla yake na nafasi baada yake. Mechi moja hadi tatu, zenye sababu iliyotamkwa na siku ya kurudi inayojulikana, zinaweza kumsaidia kijana. Zaidi ya hapo, mpeleke kwa mkopo, mpeleke ligi ya chini, mpeleke hata timu inayoshika mkia, ilimradi acheze. Na kama unamtoa ili ushinde leo, sema hivyo kwa ujasiri. Kijana atakuheshimu zaidi kuliko ukimwambia unamjenga.

Kwa mashabiki nina ombi moja. Kinda wenu akiwekwa nje, msikimbilie kumtukana kocha, wala msikimbilie kumwambia kijana anyamaze asubiri zamu. Ulizeni maswali matatu. Ameambiwa sababu? Wakongwe wakifanya kosa lile lile nao wanatoka? Akirudi, anarudi na dakika na wenzake wazuri, au anarudi kwenye zile dakika sita za mwisho wa foleni? Majibu ya maswali hayo yatawaambia kama klabu inalea au inapoteza.

Na wewe kocha unayenisikiliza, uwe wa barafuni Nairobi au wa uwanja wa vumbi mtaani kwenu, ukimwacha mtoto nje Jumamosi hii, usimwache aondoke kabla hujamwita pembeni na kumwambia mambo mawili: kwa nini hakucheza, na lini atacheza.